Nge wa Mtaa Huu

Wino sitaki karibu,
kalamu wala kitabu;
nileteeni ajabu
ya vitufe mkononi.

Ni Kivumbi nasifia,
gemu niliyoanzia
kwa binamu Zakaria,
Lamu, mtaa Langoni.

Kivumbi kile awali:
wanajeshi matofali
na damu ya pilipili
iliyoganda hewani.

Cha pili kikawa taji:
daraja juu ya maji;
nilikufa, sihitaji
kukumbushwa na jirani.

Cha tatu, niseme kweli,
Kivumbi kilitufeli:
daraja likawa reli
na moshi tele machoni.

Nikaapa, nikanuna,
nikakifuta, hakuna;
siku ya pili mchana
nikakirudisha ndani.

Na sasa kuna cha nne:
kumi kwa kumi, wengine
toka miji ya pengine,
tukutane uwanjani.

Daraja wamerudisha!
Nilipoliona, presha
ilipanda, nikakesha
siku tatu ukumbini.

Mimi kazi yangu piko,
wanapoolewa niko,
wala sina tetemeko
hata chembe, kidoleni.

Ndio siri ya shabaha:
mkono wenye fasaha,
wa piko na wa silaha,
ni uleule, jamani.

Huko naitwa Siafu,
mdogo, tena nadhifu;
hawajui nina afu
zilizotiwa nyweleni.

Wanangu wakishalala,
nikakunja na msala,
bando lipo, si suala,
nazivaa hedifoni.

Ila kuna mmoja Nge,
hana pupa, si mnyonge;
paa la nyumba ya tenge
hulilalia gizani.

Hungoja, hana haraka;
mie nikikurupuka,
ta! — moja, nimeanguka
na tundu la kipajini.

Miezi mitatu, bwana,
kila usiku, laana;
nikamtukana sana
kwa Kiingereza duni.

Yeye hasemi, hajibu.
Nikadhani yu ghaibu,
kijana asiye tabu,
mtoto wa barafuni.

Juzi, usiku waisha,
wenzetu wote wakwisha;
yeye na mimi, maisha
yamebaki darajani.

Maiki yake i wazi,
nikasikia pumuzi,
kisha adhana, azizi,
ikatoka hedifoni.

Si adhana ya kwingine:
kikohozi, na kingine,
ndivyo Obo, si mwingine,
aanzavyo mnarani.

Dirishani kwangu pia
kikohozi chaingia;
mara mbili nasikia:
nje kwanza, na kisha ndani.

Nge! Nge wa mtaa huu!
Moyo ukapanda juu,
nikaumwagia mguu
kahawa ya kikombeni.

Sikufyatua risasi;
naye kaishusha, basi,
tukasimama kiasi,
kama wageni langoni.

Asubuhi nikatoka,
nyuso zote nikasaka;
hata punda, hata paka,
niliwashuku njiani.

Kisha kwa mzee Lali,
fundi wa saa, mkali
wa kimya; hana kauli
ila lenzi ya jichoni.

Nikatoa ya mamangu,
akaona piko langu;
nami, sugu kama yangu
nikaiona gumbani.

Akasema, asicheke:
"Siafu, usiropoke,
wala usikurupuke
ukifika darajani."

"Na wewe," nikamjibu,
"funga maiki, aibu!
Usije ukaharibu
siri yetu mtaani."

Leo tuko kundi moja:
yeye juu anangoja,
nami chini na vioja,
kumi wote taabani.

Cha tano chaja, wasema,
Desemba; bei si njema.
Nadunduliza mapema
za harusi, mkobani.

Ile saa bado mbovu.
Fundi, macho ni majivu;
sote wateja wachovu
hutwambia: "Subirini."